Msiba wa Akeri na Namna ya Kuukumbuka

Chini ya Mlima Meru, upande wa kusini, kuna vijiji viwili visivyo mbalimbali, Nkoaranga na Akeri. Mpita njia huona migomba, mibuni na mifereji ya maji, wala haoni dalili ya vita. Walakini nchi hiyo ina msiba wa zamani, nao uliwapata watu wa pande zote.

Mwaka 1896, zamani za Mangi Matunda, walifika Akeri wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakitokea Uchaga. Siku zile zile Kapteni Johannes na askari wa Kijerumani walikuwa wamepiga kambi si mbali na hapo. Wapiganaji wa Meru na Arusha waliwaona Wazungu hao wote kuwa jeshi moja. Basi usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba wakawavamia wamisionari, wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Baadaye Johannes alikuja kulipiza kisasi, ameongoza askari na wapiganaji wengi wa Kichaga. Watu wengi wa Meru na Arusha waliuawa, ng'ombe wao wakatekwa, mashamba yakaharibiwa. Mwaka 1900 watu wa nchi hiyo walilazimishwa kulijenga boma la Arusha. Mwaka 1902 misheni ikaanzishwa Nkoaranga, kati ya watu walewale waliokuwa bado na huzuni.

Majina ya Ovir na Segebrock yaliandikwa vitabuni, yakajulikana hata Ulaya. Wengi wa Wachaga na Wameru waliokufa hawakuandikwa. Je, wafu wasioandikwa hukumbukwa kwa njia gani?

Njia ya kwanza ni wimbo. Kiongozi hutoa neno, na umati huitikia. Mmoja akisahau ubeti, mwenzake humkumbusha. Hivyo habari haifi kwa kufa mtu mmoja. Asiyejua kusoma naye ana sehemu yake. Tena mtu aonaye haya kulia peke yake hulia pamoja na wenziwe katika wimbo, wala hakuna amchekaye. Kadhalika picha iliyochorwa na watu wengi humpa kila mmoja nafasi ya kuitia nyumba yake, ng'ombe wake, au ndugu yake aliyepotea.

Lakini wimbo hufupisha mambo, na picha haijibu swali. Kwa hiyo njia ya pili ni kusikiliza. Wazee wa Meru hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa marika ya vijana waliotahiriwa pamoja. Msikilizaji mwenye haraka huliacha jina la rika lipite, kumbe ndilo lenye kuonyesha wakati. Mwenye subira huuliza, hungoja, na mzee akinyamaza, naye hunyamaza. Kwa maana mara nyingi neno zito huja baada ya kimya.

Tena yafaa kusikiliza pande zote. Mjukuu wa Mmeru aliyenyang'anywa ng'ombe ana habari yake, na mjukuu wa Mchaga aliyeuawa Akeri ana yake. Asikiaye moja tu huondoka na chuki. Asikiaye zote huona jinsi hofu ya usiku mmoja ilivyozaa vilio vingi.

Msiba mwingine uliwapata Wameru mwezi wa Novemba, 1951. Serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wapata 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili nchi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akaueleza msiba huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini aliyoyasema yaliandikwa, na mwaka 1967 yeye na mwanasheria Earle Seaton walitoa kitabu cha habari hizo.

Wazee husema, penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, lakini neno lataka sikio. Mtoto akitaka kuifanya kazi hiyo, kwanza amwombe mzee ruhusa. Asimkatize. Aandike kama alivyosikia, kisha arudi amsomee, ili mzee apate kusahihisha. Ndipo habari hiyo itakapofaa kutungiwa wimbo, na wafu watakuwa wametajwa kwa haki.