REJAF: KIJIJI CHA WAKULIMA CHINI YA MLIMA

Askari apitaye Rejaf huutazama kwanza mlima. Umesimama peke yake kando ya mto, umechongoka mithili ya pia iliyopinduliwa, nao huonekana toka Juba, kilomita zisizozidi 20 upande wa kaskazini. Wabari, wenyeji wa nchi hii, huuita Logwek. Jina Rejaf limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutetemeka, kwani ardhi ya hapa huzoea kutikisika. Tetemeko kubwa la Mei 1990 wengi wetu wangali wakilikumbuka.

Leo twapenda kuwaelezeni, ndugu zetu wa Jeshi na Polisi, habari za kijiji hiki kidogo, maana historia yake yatuhusu sana sisi tuvaao sare.

Mto ndio uliokipa Rejaf uzito wake. Kutoka Khartoum meli huweza kupanda Mto Nile hadi hapa. Mbele yake maji huanza kupiga miamba ya Bedden, na njia hufungwa. Kwa hiyo kila mtawala aliyetaka kwenda kusini alilazimika kushuka hapa na kuweka askari. Wenyeji walikuwa wakilima mtama, ufuta na karanga, wakifuga ng'ombe, na kuwategemea wakuu wao wa mvua.

Askari hao walikula nini? Hilo ndilo swali ambalo vitabu vingi vya vita hulipita haraka. Mwaka 1871 Samuel Baker alifika Gondokoro kwa amri ya mtawala wa Misri, na jeshi lake likapungukiwa chakula. Alipigana na Wabari, akateka ng'ombe wao na kuchukua nafaka yao. Gordon, aliyemfuata mwaka 1874, aliweka kituo Rejaf. Mwaka 1888 kituo kikatekwa na majeshi ya Mahdi. Tarehe 17 Februari 1897 Chaltin, ofisa wa Kibelgiji, aliwashinda Wamahdi papa hapa, na Rejaf ikawa makao ya Lado, nchi aliyokodishiwa Mfalme Leopold. Mfalme huyo alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata nchi ikarudi chini ya Sudan.

Bendera zilibadilika, lakini jembe lilibaki mikononi mwa yule yule, na ghala lililofunguliwa kwa nguvu lilikuwa la yule yule.

Mwaka 1928 Rejaf ilipata sifa ya namna nyingine. Wajumbe wa serikali na wa misheni walikutana hapa kuamua lugha za kufundishia shuleni, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande. Baadaye Juba ilikua, ikawa makao ya jimbo, na Rejaf ikabaki kijiji. Vita vya 1955 hadi 1972, na vile vya 1983 hadi 2005, viliwatawanya watu wake. Mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yakawarudishia hofu.

Siku hizi jina la Rejaf linajulikana na polisi wengi kwa sababu ya chuo chao cha mafunzo. Kuruta akimbiaye alfajiri hupita karibu na mashamba. Hapo ndipo somo letu lilipo. Mwanamke ainamaye kupalilia mtama wake anapoisikia michakato ya buti, je, huendelea kupalilia, au hukimbia kuwaficha mbuzi?

Wazee wa vijiji hawausahau mwaka ambao ghala lilivunjwa, na huwasimulia wajukuu. Nasi tujiulize watasimulia nini juu yetu. Askari mwenye njaa na asiyelipwa mshahara kwa wakati ana shida ya kweli, wala hatuifichi. Lakini shida hiyo haikutoka kwa mkulima, na haiwezi kuponywa shambani mwake. Akihitaji mahindi, na anunue; akipewa maji, na ashukuru.

Mlima wa Logwek umeona majeshi mengi yakija na kuondoka. Sisi hatuna pa kuondokea, kwani nchi hii ni yetu na mkulima huyu ni mama yetu.