Intaneti Barazani, Kimya Ndani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumeitia methali hii hata katika ujenzi. Mbele ya nyumba za kale za Lamu kuna daka, pahala pa wageni na mazungumzo ya wanaume, kisha misana, na mwisho kabisa, mbali na macho ya watu, kuna ndani, makao ya mama wa nyumba. Mpango huo ni wa heshima na sitiri. Lakini mawimbi ya intaneti hayajui sitiri. Yanajua ukuta tu.

Nimelitafakari jambo hili tangu niliporudi kutoka Griftu, mji wa wafugaji katika Wajir Magharibi. Nyumba niliyofikia ni ya mawe na mabati, na ruta, kile kijisanduku kirushacho waifai, ilitundikwa juu ya kochi la wageni. Hapo vijana walitazama mpira bila taabu. Vyumba viwili nyuma yake, mimi mgeni wa kike niliketi na bibi wa nyumba, ambaye wajukuu humwita ayeeyo, akingoja kumwona bintiye aliyeko Minneapolis, Marekani. Sura ya binti ilitokea simuni, ikaganda, ikapotea. Nikamwuliza bibi mbona haendi sebuleni. Akanijibu kupitia kwa mjukuu wake, "Mwanangu, siri za mama na bintiye zisemwe mbele ya wanaume wageni?"

Waama, dawa ya tatizo hili si ngumu. Mawimbi ya waifai ni ndugu wa mawimbi ya redio, nayo huenea pande zote kama mwanga wa kandili. Ukuta mnene wa mawe huyadhoofisha, mabati huyarudisha yalikotoka, na maji huyameza. Ajabu ni kwamba aqal, nyumba ya asili ya Wasomali ya fito na mikeka, ijengwayo na wanawake wenyewe, huyapisha mawimbi kwa urahisi kuliko nyumba ya mawe.

Basi hatua ya kwanza haina gharama: iondoe ruta pembeni, iweke katikati ya nyumba, juu na peupe, mbali na friji, kabati la chuma na kioo kikubwa. Ya pili, ruta nyingi hutumia masafa mawili. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi; ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo simu ya chumba cha nyuma iunganishwe na hayo.

Ikiwa bado, pitisha waya wa ethaneti, ambao hufika hadi mita 100, mpaka ruta ya pili huko nyuma. Viko pia vijisanduku vya kurudia mawimbi bila waya, lakini vingi hupunguza kasi kwa nusu hivi, na kisiwekwe katika chumba kilichokufa. Kiwekwe njiani, pale mawimbi yangali na nguvu. Na wale wapatao intaneti kwa setilaiti, kama ile ya Starlink iliyoanza huduma Kenya mwaka 2023, wakumbuke kwamba sahani hukaa paani, lakini waya wake waweza kushushwa chumba cha kati badala ya sebuleni.

Kule Griftu ruta ilihamishiwa ukumbini, na jioni ile ile mama na binti walizungumza hadi adhana ya Isha. Hakikununuliwa kitu.

Nawaomba wenye nyumba, kabla ya kwenda dukani, mshike simu mtembee chumba kwa chumba mkipima nguvu ya mawimbi. Mgeni apewe kahawa na tende, ni haki yake. Lakini kipimo kianzie chumba cha yule asiyeweza kuja sebuleni.