Nauli Peke Yake Haitoshi

Mwaka jana mama mmoja wa parokia yetu aliingia ofisini mwangu na barua mkononi. Mwanawe alikuwa amekubaliwa katika chuo kikuu cha serikali huko Ujerumani. "Karani," akasema, "Mungu ametukumbuka. Masomo ni ya bure. Imebaki nauli tu. Tuandikie barua, tupitishe mchango katika jumuiya."

Nikashika kalamu, kisha nikaiweka chini. "Mama," nikamwuliza, "akifika huko atakula nini? Atalala wapi?"

"Si atafanya kazi, mwanangu? Huko kazi zimejaa."

Jibu hilo nimelisikia kwa wazazi wengi. Ndiyo maana leo nataka tukae pamoja, wewe na mimi, tufanye hesabu.

Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya serikali vya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Si vyote, lakini. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula, na chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024. Tena, hata pasipo ada, tumbo halina likizo. Kabla ya kupewa viza, mwanafunzi hana budi kuonyesha fedha ya kujitunza. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Kwa fedha ya Tanzania ni zaidi ya shilingi milioni 30.

Wengi huiweka fedha hiyo katika akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Ukishaiweka, huwezi kuichota upendavyo. Mwanafunzi akifika na kufungua akaunti ya kawaida ya benki, ndipo hupewa fungu la mwezi mmoja mmoja.

Je, euro 992 ni nyingi? Tuseme amepata chumba cha euro 400. Bima ya afya, ambayo ni lazima, tuiwekee 150. Chakula, hata akijipikia, 250. Michango ya chuo na usafiri, 60. Simu, vitabu, sabuni na koti la baridi, 80. Jumla ni 940. Zimebaki 52. Na katika mji kama München, chumba peke yake chaweza kula zaidi ya nusu ya fungu lote. Kwa hiyo barua ya chuo ikifika, siku hiyo hiyo na aombe nafasi katika mabweni ya wanafunzi. Ni nafuu, ila foleni yake ni ndefu.

Hapa pana shimo ambalo wengi hawalioni. Mwenye nyumba aweza kudai amana, na sheria inamruhusu kudai hadi kodi ya miezi mitatu. Fungu la kwanza la benki nalo laweza kuchelewa kwa majuma kadhaa. Basi mbali na nauli, na mbali na euro 75 za viza, kijana anahitaji fedha nyingine mkononi ya siku za kutua. Asipokuwa nayo, ataanza kukopa kabla hajafungua daftari.

Na kazi? Ruhusa ipo. Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nchi kama yetu aweza kufanya kazi siku 140 nzima, au nusu siku 280, kwa mwaka. Kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Kwa hiyo saa 10 kwa juma ni euro 139. Ni msaada wa kweli, lakini kazi haimngoji mtu uwanja wa ndege. Asiyejua Kijerumani huitafuta kwa taabu, na mitihani nayo hudai saa zake. Hesabu kazi kuwa mboga. Ugali utoke nyumbani.

Wengine husema, "Tuna ndugu huko." Ndugu aweza kweli kumdhamini kijana kwa kutia sahihi mbele ya serikali. Lakini ajue kwamba akiandika sahihi hiyo, serikali yaweza kumdai yeye gharama za mgeni wake. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usimwombe ndugu sahihi kama unavyomwomba chumvi.

Jambo baya kuliko yote ni kukopa fedha ya kuonyesha tu, ili viza itoke kisha irudishwe. Ni udanganyifu, na njaa itaufichua. Tena kibali cha kukaa kikifika wakati wa kuongezwa, swali la fedha huulizwa upya. Ukiuza shamba kwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili utauza nini?

Njia nyingine ipo, nayo ni ya subira. Kijana asome shahada ya kwanza hapa nyumbani, kisha aombe ufadhili wa shahada ya pili. Shirika la DAAD hutoa posho ya mwezi pamoja na bima, na KAAD la Bonn huwasaidia Wakatoliki wenye masomo ya juu. Washindani ni wengi, lakini kuomba hakuuzi shamba.

Yule mama alinikasirikia. Jumapili tatu hakunisalimu. Jumapili ya nne alikuja na mumewe, na mwana wao nyuma. Tukafungua daftari. Juu tuliandika jumla, chini majina ya ndugu na kiasi ambacho kila mmoja ataweza kutoa kila mwezi kwa miaka yote ya masomo, si siku ya sherehe tu. Shamba hatukuliandika.

Kijana bado yupo. Anafundisha watoto jioni, na anajifunza Kijerumani. Daftari limefika nusu.

Msomaji mpendwa, kama nawe una barua ya namna hiyo kabatini, usiichane. Lakini kabla ya kuuliza bei ya tiketi, uliza bei ya mkate.