Picha za Kidijitali: Namna ya Kuzihifadhi na Kuzichapisha

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iko akiba moja ambayo siku hizi karibu kila jamaa inayo, nayo huoza bila kutoa harufu. Akiba hiyo ni picha zilizopigwa kwa simu na kamera za kidijitali. Makala haya yana nia ya kueleza picha hizo ni kitu gani hasa, kwa nini hupotea, na ni hatua zipi zinazoweza kuchukuliwa nyumbani na shuleni ili zidumu.

Mwandishi ana sababu yake ya kulijali jambo hili. Mwaka 2009, alipokuja likizo kutoka masomoni ng'ambo, alimpiga baba yake picha zaidi ya 200 kijijini. Zote alizihamishia katika diski moja ya nje, kisha akazifuta katika kadi ya kamera. Baba alifariki mwaka uliofuata. Baadaye diski ile ilianguka kutoka mezani, na mafundi wawili walishindwa kusoma chochote ndani yake. Zilizosalia ni picha 4 tu, zile alizokuwa amezisafisha studio na kumpelekea shangazi yake.

Picha ni orodha ya namba

Katika kamera ya filamu, mwanga hubadilisha chembe za chumvi ya madini ya fedha, na mabadiliko hayo ndiyo picha yenyewe. Katika kamera ya kidijitali, mwanga hupimwa na kuandikwa kwa namba. Picha hugawanywa katika vijisehemu vidogo mno viitwavyo pikseli, na kila pikseli hupewa namba tatu, yaani kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255.

Mwaka 1957 huko Marekani, Russell Kirsch aliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga yenye pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera ya pikseli 10,000 iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti. Leo picha ya kawaida ya simu huweza kuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani 12,000,000. Kwa kuwa kila pikseli ina namba tatu, zinahitajika baiti 36,000,000. Ili kupunguza mzigo huo, picha hufupishwa kwa utaratibu uitwao JPEG, uliotolewa mwaka 1992, ambao huacha yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi.

Kutokana na maelezo hayo twapata mambo mawili. Kwanza, namba ikinakiliwa sawasawa, nakala haina upungufu wowote. Mtu akinakili 128, hupata 128. Pili, namba ikiharibika, haififii polepole kama karatasi iachwayo juani. Kompyuta huandika 128 kwa biti nane, yaani 10000000. Biti ya kwanza ikigeuka kuwa 0, namba nzima huwa 0. Zaidi ya hayo, katika JPEG namba hutegemeana, kwa hiyo kosa la biti moja laweza kuvuruga sehemu kubwa ya picha.

Linganisha hali hiyo na bamba la Mfaransa Nicéphore Niépce la mwaka 1826 au 1827, ambalo ni picha ya kamera kongwe kuliko zote zilizosalia. Bamba hilo limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na hadi leo laonekana kwa macho bila msaada wa kompyuta. Picha ya kidijitali haionekani mpaka ipatikane mashine ya kuisoma.

Vyombo vya kuhifadhia

(i) Diski ya nje ya kuzunguka. Hutunza namba kwa sumaku juu ya sahani izungukayo mara maelfu kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi iliyo ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ndiyo maana kuanguka mara moja huweza kuiua.

(ii) Flashi na kadi ya simu. Hizi hazina kitu kinachozunguka. Hutunza chaji za umeme katika vijumba vidogo sana. Chaji hizo huvuja kidogo kidogo, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Flashi iliyosahauliwa kabatini kwa miaka mingi si ya kutegemewa.

(iii) Sidii ya kurekodi. Namba huandikwa kwa kuichoma rangi ya kikemia kwa miali ya leza. Mwanga na joto huiharibu rangi hiyo, na kompyuta nyingi za sasa hazina tena nafasi ya kuingizia sidii.

(iv) Hifadhi ya mtandaoni. Hapa picha hukaa katika kompyuta za kampuni fulani, mara nyingi nchi za mbali. Ni hifadhi nzuri, lakini haikosi hatari. Mwezi Machi 2021 kituo cha kompyuta cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulitangaza kwamba picha na nyimbo nyingi za watumiaji wake wa zamani zimepotea. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikasumbua katika Tanzania na nchi jirani. Aidha, mwenye nywila akifariki bila kumwachia mtu, jamaa zake huweza kufungiwa nje.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Ni dhahiri kuwa hakuna chombo kisichoharibika. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "Chombo kipi ni salama?" bali "Nakala ngapi, na ziko wapi?" Watunzaji wa kumbukumbu wanafuata kanuni nyepesi: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine kabisa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila chombo kina uwezekano wa 1 kati ya 10 wa kuharibika katika mwaka. Mwenye chombo kimoja yumo katika hatari ya 1/10. Mwenye vitatu atapoteza vyote ikiwa vyote vitaharibika mwaka huohuo: 1/10 × 1/10 × 1/10, yaani 1/1,000. Lakini yafaa mwanafunzi akumbuke sharti la hesabu hii, kwamba matukio hayo yawe hayategemeani. Vyombo vitatu vikiwekwa katika mkoba mmoja, mwizi mmoja huvichukua vyote, na hesabu yetu haina maana tena. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka nakala moja mbali, kwa ndugu wa mji mwingine au mtandaoni.

Tena, hapana budi nakala hizo zikaguliwe. Mara moja kwa mwaka zifunguliwe na kutazamwa, na kila baada ya miaka mitano hivi zihamishiwe katika chombo kipya.

Kuchapisha

Picha ya karatasi ni nakala isiyohitaji umeme wala nywila. Ili ionekane safi, inafaa iwe na pikseli 300 kwa kila inchi. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 yahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800, kiasi ambacho simu nyingi hukizidi. Tatizo hutokea picha inapopitishwa katika WhatsApp, kwani huko hupunguzwa. Anayepeleka picha kwa msafishaji aitume kama dokumenti, au apeleke flashi.

Wino nao hutofautiana. Uko wino ambao rangi yake imeyeyuka majini, na uko wenye chembe za rangi zisizoyeyuka. Kwa kawaida wa pili hustahimili mwanga na unyevu zaidi. Picha iliyochapwa kwa wino wa kwanza katika karatasi ya kawaida ya ofisini isitarajiwe kudumu.

Adui wa karatasi ni jua, unyevu na asidi. Katika miji ya pwani kama Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, picha huota ukungu na kugandamana na kioo cha fremu. Iachwe nafasi ndogo kati ya picha na kioo, na fremu isitundikwe mahali papigwapo na jua. Albamu za gundi ziepukwe, bali picha zitiwe katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya bati lenye kifuniko na vifuko vya kunyonya unyevu.

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyuma ya kila picha yaandikwe, kwa penseli laini na ukingoni, majina, mahali na tarehe. Ikiwa karatasi haishiki penseli, maneno hayo yaandikwe juu ya bahasha.

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi. Kila mwanafunzi achague picha 10 za jamaa yake, aulize wazee majina ya waliomo, atengeneze nakala 3, na angalau picha moja aichapishe. Mwandishi ameifanya kazi hiyo kwa zile picha 4 za shangazi. Nyuma ya moja, shangazi alikuwa ameandika jina la kisima alipokuwa amesimama baba, kisima ambacho mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kukisahau.