Mke aliyemnyanyua Paul McCartney, akatungiwa wimbo usiochuja

MWISHONI mwa mwaka 1969, mmoja wa wanamuziki maarufu zaidi duniani alikuwa hataki kutoka kitandani.

Paul McCartney alikuwa na miaka 27. Alikuwa na fedha, jina na mke aliyemuoa Machi mwaka huo, mpigapicha Mmarekani, Linda Eastman. Agosti walijaliwa mtoto wa kike, Mary, mdogo wake Heather, binti ambaye Linda alimzaa katika ndoa yake ya kwanza.

Kilichomwangusha ni kazi. Septemba, John Lennon aliwaambia wenzake kwa siri kwamba anajitoa The Beatles, kundi ambalo Paul alikulia ndani yake tangu ujana. Hapo tayari walikuwa wakigombana kuhusu fedha na nani awe meneja wao.

Familia ikaenda kujificha kwenye shamba lao huko Kintyre, Scotland. Paul mwenyewe amesimulia katika mahojiano kwamba alikuwa akilala mchana, hanyoi ndevu na anakunywa wiski kupita kiasi. Bila kundi lake, alijiona mtu asiye na faida.

Linda alikuwa na kichanga mkononi na binti wa miaka sita, na sasa mume naye alihitaji kulelewa. Hakumsimanga. Alimwambia ataweza, akamsukuma arudi kwenye muziki.

Hofu ndani ya mapenzi

Kipindi hicho ndicho kilichozaa ‘Maybe I’m Amazed’, wimbo uliotoka Aprili 17, 1970 katika albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Alipiga kila chombo mwenyewe, kuanzia piano na gitaa hadi ngoma, huku Linda akiitikia. Nyuma ya jalada kuna picha aliyoipiga Linda: Paul akiwa na Mary mchanga ndani ya koti lake.

Nyimbo nyingi za mapenzi husifia uzuri wa mwanamke. Huu unamwonyesha mwanamume anayeshangaa kupendwa akiwa hajiwezi, na anayeogopa kwa sababu amegundua jinsi anavyomhitaji mkewe. Ni jambo ambalo wanaume wengi hawathubutu kulitamka hata chumbani.

Awali haukutolewa kama singo. Mwaka 1977, rekodi ya jukwaani akiwa na kundi lake jipya la Wings, ambalo Linda alipiga kinanda, iliingia katika nyimbo 10 bora Marekani.

Zamu ilipogeuka

Paul alimpoteza mama yake, Mary, akiwa na miaka 14. Alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1956, na mjukuu akapewa jina lake. Mwaka 1995 ugonjwa huohuo ukagundulika kwa Linda. Alifariki Aprili 17, 1998 akiwa na miaka 56, siku ileile ambayo albamu yenye wimbo wake ilitimiza miaka 28.

Safari hii Linda hakuwepo wa kumnyanyua. Paul amekiri kwamba alilia sana na kwamba alitafuta mshauri nasaha wa kumsaidia kuvuka msiba huo.

Hapo kuna somo kwa kila nyumba. Mwenza anayelala mchana kutwa, anayeacha kujijali, anayekimbilia pombe na kujiona hafai, si lazima awe mvivu au mkorofi. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Akianza kuzungumzia kifo, msisubiri hata siku moja.

Upendo wa mke au mume ni msaada mkubwa, lakini haumwondolei mgonjwa haja ya kuonana na daktari. Wala anayeuguza asiachiwe mzigo huo peke yake.

Paul, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 80, ameendelea kuuimba wimbo huo jukwaani miaka mingi baada ya aliyetungiwa kuondoka.