Land Cruiser kuukuu: mambo ya kukagua mwenyewe nyumbani kabla ya masika

Ukishuka kutoka Karatu kuelekea Mang'ola wakati wa vitunguu, au ukiacha lami na kuingia vijiji vya ndani vya Mbulu, gari utakalopishana nalo mara nyingi bado ni Land Cruiser hardtop, lile ambalo wengi tunaliita mkonga. Asubuhi linabeba abiria, mchana mzigo, na usiku likihitajika linamkimbiza mama mjamzito hospitali. Mengi ya magari haya yamekula miaka 20 hadi 30. Likikwama mtoni mwezi wa nne, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Kila masika yanapokaribia, wasikilizaji wetu hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: kazi ipi naweza kuifanya mwenyewe, na ipi nimwachie fundi? Tunajibu kwa kulichukua gari lililozoeleka zaidi huku kwetu, yaani Land Cruiser ya toleo la 70, lililoanza kutengenezwa mwaka 1984, lenye injini ya dizeli ya 1HZ iliyoingia mwaka 1990. Injini hiyo ina silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Pampu yake ya dizeli haiendeshwi na kompyuta, na ndiyo maana mtu mwenye spana na subira anaweza kuitunza kwa miaka mingi.

Jeki kwanza

Tunaanza na jeki kwa sababu gari likiharibika hutengenezwa, lakini aliyeangukiwa na gari huenda asiinuke tena. Kazi ya jeki ni kuinua tu. Ukishainua, liweke gari juu ya stendi imara chini ya ekseli, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe au magogo, mbele na nyuma. Usitumie tofali za saruji zenye matundu, maana hupasuka ghafla. Kama uwanja ni wa udongo, weka ubao mnene chini ya jeki isizame.

Wenye Land Rover Defender wawe makini zaidi. Breki ya mkono ya gari hilo haishiki magurudumu, inashika propela shafti inayokwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu huliacha lizunguke huru, na gari linaweza kutembea hata kama breki ya mkono imevutwa.

Dizeli na hewa

Adui wa kwanza wa pampu ya dizeli ni maji. Sehemu za ndani za pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji yakiingia chuma hukwanguana na chuma. Chini ya filta ya dizeli kuna kifungulio kidogo. Weka chupa, kilegeze, na acha yatoke mpaka uone dizeli safi. Fanya hivyo mara kwa mara, hasa kama unanunua mafuta ya kwenye madumu. Ukibadilisha filta, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu ndipo upige starta, la sivyo utamaliza betri bure ukitafuta mafuta yafike.

Kwa barabara zetu za vumbi, filta ya hewa ikaguliwe kila wiki. Wengine huipigapiga chini au hupuliza upepo mkali wa kompresa kutoka nje. Njia zote mbili huharibu karatasi yake. Puliza taratibu kutoka ndani kwenda nje, kisha imulike kwa tochi. Ukiona mwanga unapenya kwenye tundu, nunua nyingine.

Kagua pia mkonga wenyewe. Watu wengi wanaamini kuwa gari lenye mkonga haliogopi maji. Lakini mkonga umeunganishwa kwa mipira na vibano, na mpira ukipasuka hewa huvutwa hapo hapo chini, pamoja na vumbi au maji ya mto. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda injini ikiwa inaunguruma, konrodi hupinda, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Difu inavyokunywa maji

Difu ikishatembea mwendo mrefu hupata moto, na hewa iliyo ndani hutanuka. Ukiiingiza ghafla kwenye mto wa baridi, hewa ile hunywea na kuvuta. Kuna kipumulio kidogo juu ya ekseli kwa ajili hiyo. Kikiwa kimeziba kwa matope, difu huvuta maji kupitia oili sili.

Kujua ni rahisi. Fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni, chovya kidole, tazama rangi. Oili iliyoingia maji hufanana na chai ya maziwa, na hiyo imwage siku hiyo hiyo. Kanuni ya kukumbuka: fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga oili kwanza, halafu ukakuta ya kujazia imeganda na haifunguki, gari litalala hapo. Difu nyingi za magari haya hutumia oili ya gia ya 80W-90, daraja la GL-5.

Gurudumu linalocheza

Inua gurudumu la mbele, liwekee stendi, shika tairi juu na chini, kisha litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Kama mchezo umekwisha, tatizo ni beringi za gurudumu. Kama bado unacheza, tazama beringi za lile duara kubwa la chuma linaloruhusu gurudumu kukata kona. Sasa shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo mara nyingi hutoka kwenye tairodi endi.

Ukikuta oili inatiririka kwenye duara lile, na grisi ya ndani imekuwa nyepesi kama uji, ujue oili sili ya ndani imechoka na oili ya difu inachanganyika na grisi. Gari litaendelea kutembea, ila beringi zitakula hasara.

Chini ya gari tafuta vichuchu vya grisi kwenye propela shafti. Kwenye misalaba, sindikiza grisi mpya mpaka ya zamani itoke. Baada ya kuvuka maji marefu, rudia. Kisha gonga nati za yu-bolti za springi na uzikaze, kwa sababu zikilegea, bolti ya katikati ya springi hukatika na ekseli huhama mahali pake.

Fowili si ya lami

Toleo la 70 la kazi halina difu ya katikati. Ukiweka fowili, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tofauti hiyo humalizwa na utelezi. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, inabaki kuumiza gia na shafti. Hata hivyo usiiache mwaka mzima bila kuitumia. Angalau mara moja kwa mwezi, kwenye barabara ya vumbi au tope, funga habu na utembee kilomita kadhaa ili oili ifike sehemu za mbele.

Maji ya rejeta, breki na mkanda

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji matupu ya bomba hula chuma polepole, tumia kulanti. Injini ya 1HZ ni ngumu, lakini ikichemka sana silinda hedi hupasuka, na gharama yake inaweza kuzidi kulanti ya miaka mingi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Usiongezee oili ya injini hata tone, kwa sababu huvimbisha mipira ya breki na pedali inaweza kugoma mteremkoni.

Oili ya injini, kwa kazi za huku, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Ile chafu iweke kwenye dumu na usiimwage karibu na kisima wala mfereji.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kuna taa yake kwenye dashibodi, lakini kwenye magari mengi ya zamani taa ilishakufa au mita ilishabadilishwa, hivyo usiitegemee. Kama hujui ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa umechelewa. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Ya kumwachia fundi

Mkanda huo, pampu ya dizeli, nozeli, kuchomelea chesisi, na kufungua breki kama hujawahi kufundishwa, mwachie fundi. Hata hivyo nenda kwake ukiwa na daftari lenye tarehe, kilomita, na kila ulichobadilisha au kukiona. Fundi atakayeambiwa kwamba gurudumu la kushoto linacheza mpaka breki ikanyagwe ataanza kwenye beringi. Atakayeambiwa tu kwamba gari linatetemeka ataanza kubahatisha kwa kununua spea, na pesa ya kubahatisha ni yako.

Masika yetu huanza Machi. Kazi zote tulizozitaja hapa, ukiondoa za fundi, zinaweza kumalizika kwa Jumamosi mbili, ukiwa na spana, pampu ya grisi, stendi mbili na mtu mmoja wa kukukanyagia breki.