Hatimiliki isiyo na jina la mama

Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali mama yangu mdogo, anayeishi kijijini kusini mwa Rwanda. Nilimkuta akipalilia migomba. Tulipoketi barazani aliniletea bahasha kuukuu yenye hatimiliki ya shamba lile. Majina manne yameandikwa humo, yote ya watoto wake. Lake halimo.

Nchi yetu inasifiwa kila pembe ya dunia kwa kuwainua wanawake, na sifa hizo si za bure. Katiba ya mwaka 2003 iliagiza wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani ambayo zaidi ya nusu ya wabunge wake ni wanawake. Katika uchaguzi wa Julai 2024 walipata viti 51 kati ya 80, ingawa viti vilivyotengwa kwa ajili yao ni 24 tu.

Najivunia hayo. Lakini bunge liko Kigali, na jembe la mama mdogo liko kijijini.

Bibi yangu alizaliwa wakati ambapo binti hakurithi ardhi ya baba yake. Mwaka 1996 aliwagawia wajomba zangu umunani, yaani fungu la ardhi ambalo wazazi humpa mtoto anapoanza maisha. Mama yangu na mdogo wake hawakupata hata kipande. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, ikatungwa sheria iliyowapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa katika urithi na umunani. Kwao ilikuwa imechelewa, maana ardhi ilikwisha kugawanywa.

Mwaka 2003 mama mdogo aliolewa. Mahari ya ng'ombe ilitolewa, watu wakala na kunywa, lakini wawili hao hawakwenda ofisi ya sekta kufunga ndoa ya serikali. "Tuliona ng'ombe anatosha," aliniambia. Serikali ilipoanza kusajili ardhi nchi nzima, kati ya mwaka 2009 na 2013, waliofunga ndoa ya serikali waliandikwa wote wawili, mke na mume. Mume wa mama mdogo aliandikwa peke yake.

Alifariki mwaka 2020. Matanga hayajaisha, ndugu zake wakaja kudai shamba. Mama mdogo alikimbilia kwa abunzi, wapatanishi wa seli ambao sheria inataka angalau asilimia 30 yao wawe wanawake. Walimsikiliza kwa makini. Kwa kuwa marehemu aliwatambua watoto wake kisheria, shamba likawa lao. Mashemeji wakaondoka mikono mitupu. Mama mdogo naye akabaki mgeni wa watoto aliowazaa, kwenye shamba alilolilima kwa miaka 17.

Sheria zipo, tena nzuri. Hata hivyo, sehemu kubwa ya haki ya mke juu ya ardhi inapitia kwenye cheti cha ndoa, na wanawake wengi wanaishi na waume zao bila cheti hicho. Wapo pia mabinti wanaojua haki yao ya urithi lakini hunyamaza wasije wakagombana na kaka zao. Mtu hawezi kudai haki kwa moyo mkunjufu ikiwa atapoteza ndugu.

Viongozi wa vijiji na wa dini, hata wazee wanaopokea mahari, wana kazi hapa. Kabla ya ng'ombe kufungwa kamba, na waulize: siku ya kwenda sekta ni lini?

Nilipokuwa naaga, binti mkubwa wa mama mdogo, mwenye miaka 20, alinisindikiza hadi barabarani. Ana mchumba, fundi seremala. Nilimuuliza harusi lini.

"Nimemwambia, shangazi zake wakija na ng'ombe, yeye aje na kitambulisho," alijibu. "Tunaanzia sekta."